Waliokabidhiwa Mizani ya Umma: Mamuhtasib wa Cairo na Milango Waliyopitia

 

Katika makabati ya vitabu ya madrasa zetu nyingi hazikosi kuonekana juzuu za Umdat al-Qari, sharhe ya Sahih al-Bukhari iliyoandikwa na Imamu Badr al-Din al-Ayni. Mwanafunzi huifungua akitafuta maana ya neno au khitilafu ya wanachuoni, kisha akairudisha mahali pake. Ni wachache mno kati yetu wanaojua kwamba mwandishi wa kitabu hicho alikuwa pia msimamizi wa masoko ya Cairo, mwenye amri juu ya mizani ya muuza nyama, uzito wa mkate wa muoka mikate na sarafu iliyo mkononi mwa mvunja fedha. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba kazi hiyo hiyo alinyang'anywa kwa ajili yake mwanachuoni mwingine mkubwa, Taqi al-Din al-Maqrizi, bingwa wa tarehe ya Misri, na kwamba uadui uliozuka baina yao haukuisha mpaka mauti.

Tumeona vyema kulizungumza jambo hili kwa sababu suali lake lingali hai. Kila inapoteuliwa gavana wa benki kuu au mkuu wa chombo cha kusimamia mabenki na masoko ya hisa, watu huuliza: Ametoka wapi huyu? Amesomea nini? Nani amempeleka pale? Baadhi ya ndugu zetu hudhani kuwa suali hili ni geni katika sharia, na kwamba fiqhi yetu ina maneno juu ya riba tu, haina maneno juu ya mtu atakayeizuia hiyo riba. Sivyo. Wanachuoni waliliandika kwa urefu, chini ya mlango wa hisba, na baadhi yao waliliandika wakiwa wameshaikalia kazi yenyewe.

KAZI ILIPOANZIA

Hisba ni kuamrisha mema yanapodhihirika kuachwa na kukataza maovu yanapodhihirika kutendwa. Muhtasib ni yule aliyepewa kazi hiyo na mtawala. Ingawa wigo wake ni mpana, tangu mwanzo nguvu yake kubwa ilikuwa sokoni. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipita kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji ambao juu hauonekani, na akamkemea muuzaji kwa maneno ambayo kila mwanafunzi wa hadithi anayajua. Hakusubiri mshtaki. Hapo ndipo mafakihi walipopata tofauti ya muhtasib na kadhi: kadhi hungoja watu waje kwake, muhtasib huenda akatia mkono ndani ya nafaka.

Baada ya kufunguliwa Makka mwaka wa 8 Hijria, imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alimweka Said bin Said bin al-As juu ya soko la mji ule. Huyu alikuwa mtu wa ukoo wa Bani Umayya, watu wa Makka na wa biashara, na hakudumu sana kwa kuwa alikufa shahidi Taif. Zama za Umar bin al-Khattab (r.a.), tunasoma katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba as-Saib bin Yazid alikuwa kijana akifanya kazi na Abdullah bin Utba bin Masud katika soko la Madina. Na imenukuliwa kwamba Umar alimpa ash-Shifa bint Abdullah jambo katika mambo ya soko. Habari hii ya mwisho wanachuoni wamekhitalifiana juu yake: Ibn Hazm ameitegemea, na Ibn al-Arabi, kadhi wa Kimaliki, ameikataa kabisa. Hatutaki kuingia katika mabishano hayo hapa. Tunachotaka msomaji akione ni sifa ya mwanamke aliyetajwa: ash-Shifa alijua kusoma na kuandika tangu kabla ya Uislamu, wakati wajuzi wa kalamu walikuwa wakihesabika, na ndiye aliyemfundisha kuandika Mama wa Waumini Hafsa (r.a.). Hata wanaoipokea riwaya hiyo wanaipokea juu ya mtu aliyejulikana kwa elimu na akili, wala si juu ya mtu aliyetajwa kwa mali yake.

Umar (r.a.) aliongeza kitu kingine ambacho kwa maoni yetu ndicho kilichokuja kusahauliwa. Alikuwa akiziandika mali za magavana wake siku anapowapeleka kazini, na mali ya mmoja wao ikizidi bila maelezo ya kutosha, alimgawia nusu yake na nusu akaitia Baitul Mali. Mtu wa kwenda kulifanya jambo hilo alikuwa Muhammad bin Maslama, miongoni mwa Ansari, na alikwenda nalo hata kwa Amr bin al-As, aliyekuwa gavana wa Misri. Msingi wake uko wazi katika kisa cha mkusanya zaka, Ibn al-Lutbiyya, aliyerudi akitenganisha mali ya Waislamu na zawadi zake mwenyewe, Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari na kuuliza kama angepata zawadi hizo lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake.

NGUVU NA AMANA

Vitabu vya hukumu za utawala vilipokuja kuandikwa, sharti za muhtasib zikapangwa. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058) na ambaye mwenyewe alikuwa kadhi, ametaja kuwa awe mtu huru, mwadilifu, mwenye rai, mkali katika dini na mjuzi wa maovu yaliyo dhahiri. Kisha akaleta khitilafu: je, ni lazima awe mujtahid? Abu Said al-Istakhri, imamu wa Kishafii aliyeshika hisba ya Baghdad na kufariki mwaka 328 Hijria, aliona kuwa muhtasib anaweza kuwabeba watu juu ya rai yake, kwa hiyo hapana budi awe mtu wa ijtihadi. Wengine wakasema hana haki hiyo, basi ijtihadi si sharti.

Al-Mawardi pia ametuachia kisa kinachoonyesha mtu aliyekusudiwa katika sharti hizo. Ibrahim bin Batha, muhtasib wa pande zote mbili za Baghdad, alipita mlangoni kwa kadhi mkuu Abu Umar bin Hammad akawakuta wenye kesi wamekaa nje, jua limepanda, mchana umekuwa moto, na kadhi hajatoka. Akamwita bawabu na kumtuma ndani: ama kadhi mkuu atoke awasikilize watu, ama awape udhuru wake waende zao warudi wakati mwingine. Mwenye kusimamia mizani ya muuza dengu alimsimamia na kadhi mkuu wa dola. Ujasiri kama huo unahitaji mtu asiye na deni kwa yeyote.

Nizam al-Mulk, waziri wa Maseljuki aliyeuawa mwaka 485 Hijria (1092), ana rai tofauti kidogo katika kitabu chake cha siasa. Anasema desturi ilikuwa hisba kupewa mtu wa nasaba kubwa, au mhudumu wa kasri, au mzee wa Kituruki asiyemwonea haya mtu, ili mkubwa na mdogo wote wamwogope. Elimu ya fiqhi hakuipa nafasi ya mbele.

Aliyezichambua rai hizi vizuri zaidi, kwa tulivyosoma sisi, ni Ibn Taymiyya. Katika as-Siyasa ash-Shariyya alijenga uongozi wote juu ya nguzo mbili alizozitoa katika Qur'ani: nguvu na amana. Sifa hizo ndizo alizotajiwa Musa (a.s.) na binti wa yule mzee wa Madyan katika Surat al-Qasas, na kwa maneno ya karibu na hayo ndivyo Yusuf (a.s.) alivyojieleza alipoomba kuwekwa juu ya hazina za nchi: mhifadhi na mjuzi. Kisha Ibn Taymiyya akakiri kuwa ni nadra sifa zote mbili kukusanyika kwa mtu mmoja, na akatoa kanuni. Vitani hutangulizwa mwenye nguvu. Katika kuhifadhi mali hutangulizwa mwenye amana. Ama kuitoa mali kwa watu na kuihifadhi kwa pamoja, hapo huwekwa mtu mwenye nguvu wa kuikusanya na mwandishi mwaminifu mwenye ujuzi wa kuilinda. Hakusema tungoje mtu mkamilifu. Alisema wawekwe wawili, kila mmoja azibe pengo la mwenzake.

Jambo hilo lilikuwa na sura yake ya kivitendo sokoni. Ash-Shayzari, aliyeandika mwongozo wa hisba zama za Salah al-Din, anasema muhtasib hawezi kujua hila za kila ufundi, kwa hiyo amweke katika kila kundi la mafundi arifu wao, mtu mwema wa kazi ile ile, anayejua ujanja wake na anayetambulika kwa uaminifu. Wavunja fedha wana mlango wao maalumu katika kitabu hicho na katika kile cha Ibn al-Ukhuwwa wa Misri (aliyefariki mwaka 729 Hijria), na wote wawili wanamwonya muhtasib kwamba biashara yao ni ya hatari kwa dini ya mwenye kuishika, asiache kuwafuatilia, na asiyejua hukumu za riba asiachwe kukaa pale. Basi anayetoka ndani ya soko alikuwa na nafasi katika mpango huu, lakini nafasi yake ilikuwa ya arifu. Mamlaka yalikuwa kwa mwingine.

Hapa tunaomba ruhusa ya msomaji tutoke kidogo, kwani jambo hili Wamarekani nao walilijaribu kwa njia zao. Soko lao la hisa lilipoporomoka mwaka 1929 na mamilioni ya watu wakapoteza akiba zao, serikali ya Rais Roosevelt iliunda mwaka 1934 tume ya kusimamia biashara ya hisa. Mwenyekiti wa kwanza aliyeteuliwa alikuwa Joseph Kennedy, tajiri aliyepata sehemu ya utajiri wake kwa kubahatisha katika hisa hizo hizo, kwa mbinu ambazo baadhi yake sheria mpya ilikuja kuzipiga marufuku. Wengi walilalamika kwamba mbwa mwitu amepewa kondoo awachunge. Alikaa mwaka mmoja na zaidi kidogo, na wanahistoria wengi wanakubali kuwa aliifanya kazi vizuri. Waliomfuata walikuwa wa namna nyingine: James Landis, profesa wa sheria aliyeshiriki kuziandika sheria zenyewe, na baadaye William Douglas, naye mwalimu wa sheria. Kwa lugha ya ash-Shayzari, walianza kwa kumpa arifu kiti cha muhtasib, kisha wakarudi kwa fakihi. Kwamba Kennedy hakuharibu si hoja ya kumweka kila Kennedy. Hukumu hujengwa juu ya yale yaliyozoeleka kutokea, na tukio moja la nadra halitoshi kuijenga.

WANACHUONI WAWILI, KITI KIMOJA

Turudi Cairo, mwishoni mwa karne ya 8 Hijria, zama za Sultani Barquq wa Mamluki.

Al-Maqrizi alizaliwa hapo hapo Cairo, mtaa wa Barjawan, mwaka 766 Hijria (1364). Alilelewa katika madhehebu ya Kihanafi kwa babu yake mzaa mama, kisha akahamia Shafii. Alisoma kwa Ibn Khaldun, ambaye naye katika mji ule aliteuliwa na kuuzuliwa ukadhi mkuu wa Maliki mara kadhaa, hivyo mwanafunzi alikwishaona vyeo vya Cairo vinavyokwenda. Baba yake alikuwa mwandishi katika diwani ya barua za dola, naye akaingia humo humo. Al-Ayni alikuwa mgeni. Alizaliwa Ayntab, kaskazini ya Halab, mwaka 762 Hijria (1361), mtoto wa kadhi. Akaja Cairo mwaka 788 pamoja na shekhe wake as-Sirami na kuhudumu katika madrasa mpya ya Barquq. Alikuwa na kitu ambacho al-Maqrizi hakuwa nacho: aliijua lugha ya Kituruki, na Kituruki ndiyo lugha ya maamiri. Milango mingi ilimfungukia kwa ulimi huo.

Mwezi wa Rajab mwaka 801 (Machi 1399) Barquq alimteua al-Maqrizi kuwa muhtasib wa Cairo. Mwezi wa Shawwal sultani akafariki. Mwezi wa Dhul-Hijja al-Maqrizi akaondolewa na kiti akapewa al-Ayni, kwa msaada wa maamiri waliomjua. Muda wote wa al-Maqrizi haukufika miezi 6. Na al-Ayni? Baada ya mwezi mmoja hivi, yeye pia akaondolewa. Al-Maqrizi alikuja kurudishwa na kuondolewa tena, kila mara kwa muda mfupi. Al-Ayni naye aliingia na kutoka mara nyingi katika miaka iliyofuata. As-Sakhawi na wengine wameeleza kuwa chuki baina ya wawili hawa ilianzia katika kupokonyana kiti hicho.

Mtu anaweza kuuliza: Walikosa nini? Elimu walikuwa nayo kuliko karibu kila aliyepata kukaa pale. Kwa sharti za al-Mawardi, wote wawili walistahiki. Kosa halikuwa katika watu hao. Mtu aliyewekwa kwa miezi 5 hawezi hata kuwajua waoka mikate wake, sembuse kuwasimamia, na muoka mkate naye anajua kuwa akivumilia kidogo muhtasib atabadilika. Halafu kila aliyepata kiti alikipata kupitia mlango wa mkubwa fulani, na mlango ule ulikuwa na wenyewe. Hatumtoi al-Maqrizi katika hili. Naye alikuwa na watu wake katika kasri.

Lakini al-Maqrizi alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya. Mwaka 806 Hijria (1403 hadi 1404) maji ya mto Nile yalikuwa haba, bei zikapanda, njaa ikaingia, na maradhi yakaifuata njaa, watu wengi mno wakafa. Mwaka 808 aliandika kitabu kidogo, Ighathat al-Umma, kueleza balaa lile limetoka wapi. Wengi walisema ni Nile. Yeye akasema ukame ulikuwapo zamani na ukapita, lakini huu umeshindwa kupita kwa sababu tatu. Ya tatu ni sarafu za shaba zilizofurika. Ya pili ni kodi za mashamba zilizopandishwa mpaka mkulima akashindwa kulima. Ya kwanza, aliyoiita asili ya uharibifu wote, ni kupatikana vyeo vya dola na vya dini kwa rushwa, na akavitaja: uwaziri, ukadhi, ugavana wa majimbo, hisba.

Maelezo yake tunayafupisha kwa maneno yetu. Mtu jahili au dhalimu humwendea mmoja wa watu wa sultani na kumuahidi fedha kwa ajili ya cheo. Fedha hizo hana. Huzikopa, na juu yake hukopa za mavazi, farasi na watumishi vinavyolingana na cheo chake kipya. Anapokaa kitini tayari ana deni, na wa kulilipa ni raia walio chini yake. Hivyo huwakamua bila kujali anachukua nini na kwa njia gani. Na anapokuwa bado hajamaliza kulipa, hutokea mwingine mwenye ahadi kubwa zaidi. Mwandishi huyu alikuwa ameshika hisba mwenyewe. Hakuwa akisimulia ya kusikia.

Suala la shaba nalo lina mtu wake. Katika utawala wa Barquq aliyeshika mambo ya fedha alikuwa Mahmud bin Ali, ustadari wa sultani, yaani mkuu wa mali za kasri. Huyu hakuwa fakihi wala mtu wa soko. Alikuwa mtu wa kuongeza mapato. Al-Maqrizi anaeleza kuwa aliagiza shaba nyekundu kutoka nchi za Wafaranga, akakodi kiwanda cha kupigia sarafu, akafungua kingine Iskandaria, na akafurisha nchi kwa fulusi. Uchapaji wa dirhamu za fedha ukasimama. Ikafika hadi bei za vitu zikawa zinatajwa kwa shaba, na shaba yenyewe inapimwa kwa ratili. Mwenye mshahara wa kudumu, mwalimu wa madrasa, imamu, mjane anayekula pato la waqfu, wote walipewa idadi ile ile ya zamani katika kitu kisicho na thamani ile ya zamani. Na muhtasib aliyetakiwa kulinda sarafu angefanya nini, wakati anayeiharibu sarafu ni mkuu wa mali za sultani? Kiti chake kilikuwa chini ya kiti kile. Mahmud aliishia kukamatwa, hazina zake zikanyakuliwa, na akafia kifungoni mwaka 799. Aliacha madrasa yenye maktaba nzuri sana, na mtunza vitabu wake baadaye alikuwa Ibn Hajar al-Asqalani, mwenye Fath al-Bari. Hivi ndivyo mambo ya Cairo yalivyochanganyika.

Tusimdhulumu al-Ayni. Wanaomsimulia wanasema alipokuwa muhtasib aliwaadhibu wenye kukiuka amri yake mara nyingi kwa kuwanyang'anya bidhaa na kuzitoa kwa mafakiri na wafungwa. Wanafunzi wa fiqhi wataona hapa mas'ala ya kuadhibu kwa mali: imenukuliwa ruhusa yake kwa Abu Yusuf, na wengi katika madhehebu ya al-Ayni mwenyewe hawaikubali, ilhali Ibn Taymiyya na Ibn al-Qayyim waliitetea. Vyovyote iwavyo, mkate wa mpunjaji ulikwenda tumboni mwa mfungwa badala ya kwenda mfukoni mwa muhtasib, na katika zama zile hilo si jambo dogo.

Zama za Sultani Barsbay (1422 hadi 1438) al-Ayni alifika kilele. Usiku alikuwa akimsomea sultani vitabu vya tarehe na kumfasiria kwa Kituruki. Kwa wakati mmoja alikusanya hisba, ukadhi mkuu wa Kihanafi na usimamizi wa waqfu, jambo lililowashangaza watu wa zama zake. Lakini ukaribu huo haukuishibisha Cairo. Al-Maqrizi anasimulia kuwa mwaka 828 Hijria mkate ulipokuwa adimu, watu walikusudia kumpiga mawe al-Ayni. Akapanda ngomeni kwa sultani, na sultani akatuma askari kuwapiga watu. Msomaji akumbuke nani anasimulia. Ibn Taghribirdi, aliyesoma kwa wote wawili, alijua kuwa kalamu ya al-Maqrizi ina uchungu inapomfikia al-Ayni. Hata tukipunguza nusu ya uchungu huo, inabaki kwamba watu wenye njaa walipokwenda kwa muhtasib wao, muhtasib alikimbilia kwa aliyemweka.

Ndipo tunaporudi kwa Ibrahim bin Batha mlangoni kwa kadhi mkuu. Kama kadhi mkuu na muhtasib ni mtu mmoja, nani atasimama mlangoni kwake jua likipanda? Kanuni ya Ibn Taymiyya ya kuweka watu wawili waziane mapengo ilikuwa imeandikwa miaka 100 na zaidi kabla ya Barsbay, katika dola hiyo hiyo. Ilikuwamo katika vitabu.

Al-Maqrizi aliacha kutafuta vyeo. Alitolewa ukadhi wa Damascus akaukataa, akasimamia waqfu huko kwa muda, kisha akajifungia nyumbani kwake Barjawan na kuandika. Miongoni mwa aliyoyaandika ni risala juu ya sarafu, ya zama za Sultani al-Mu'ayyad Shaykh, akishikilia kuwa fedha halisi kwa sharia na akili ni dhahabu na fedha nyeupe, na kwamba fulusi ni za kununulia vitu vidogo vidogo tu. Chini ya sultani huyo huyo hisba ya Cairo iliwahi kupewa amiri wa kijeshi, na kuanzia hapo wanachuoni walizidi kupungua katika kiti kile. Wakaingia maamiri na watu wa diwani. Wafanyabiashara wakazoea kumlipa muhtasib ada ya kila mwezi. Asili ya kazi ilikuwa muhtasib apate riziki yake Baitul Mali ili asiwe na haja ya mtu wa soko. Sasa mwenye kupimwa ndiye aliyekuwa akimlisha mpimaji.

Al-Maqrizi alifariki mwaka 845 Hijria (1442), al-Ayni mwaka 855 (1451), akazikwa katika madrasa aliyoijenga karibu na al-Azhar. Mtu mashuhuri zaidi kushika hisba ya Cairo mwishoni mwa dola ile hakuwa na sharhe ya Bukhari wala kitabu cha tarehe. Ni Zayni Barakat bin Musa, ambaye habari zake ziko kwa Ibn Iyas: mtu wa diwani na wa kukusanya mali, aliyerundika vyeo chini ya Sultani al-Ghawri. Mwaka 1516 al-Ghawri alikufa vitani Marj Dabiq. Mwaka 1517 Wauthmani waliingia Cairo, na mrithi wake Tumanbay akanyongwa katika lango la Zuwayla. Zayni Barakat aliendelea na kazi yake chini ya watawala wapya.